Nani Awe Somo

Wamenipigia tena kutoka Chake:
semina siku mbili, ukumbi una feni,
nauli ipo, bahasha ipo, sambusa zipo.
"Uje tu ueleze. Watu wapate elimu."

Mara ya kwanza nilikwenda.
Daktari alisema saa nzima, picha ukutani,
mishale na asilimia.
Kisha nikasimamishwa mimi, kielelezo.
Mwalimu Khatoro akainua mkono
akauliza ninavyokwenda chooni.
Chumba kizima kikainamia daftari.

Nikajibu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Kweli, nimekilalia, kunguni nawajua kwa majina.
Lakini nani kasema aliyeumwa usiku kucha
ndiye asubuhi apige mbiu,
apandishe nguo, aoneshe alama?

Mwari hamfundi somo wake.

Basi nani?
Daktari anajua damu. Haijui Limbani yetu,
milango inavyorudishwa nusu nikipita.
Ustadhi anajua kitabu,
na salamu yangu hajaiitikia
tangu Mfunguo Mosi wa mwaka juzi.

Lugha ya mama haikuniuliza kitu:
anakuja, kala, kalala,
herufi moja ikatutosha sote.
Maswali wameleta watu.

Yupo Mwanakombo, mtoto wa ami yangu.
Miaka mitatu alilikosea jina langu,
akajikata ulimi katikati, akarudia,
wala hakutaka nimbembeleze kwa kosa lake.
Juzi yuko dukani anapima sukari,
mteja akamnong'oneza: "Yule... tumwite nani?"
"Zuwena. Sukari kilo ngapi?"

Kilo mbili. Semina ikaisha hapo.

Nikawaambia wa Chake: bahasha mpeni yeye.
Asimulie alivyokosea, hilo mimi silijui,
mimi sijapata kunikosea.
Nina kofia ya bwana harusi,
tundu za mwisho hazijazungushiwa uzi.
Anayetaka kunijua mimi
na aje, avue viatu,
aanze na hodi kama kwa mwengine yeyote.

Nikakata simu.
Sindano ikanichoma kidole.
Na wakimpindishia maneno?
Na akisahau, akacheka nao kidogo tu, kwa haya?

Nikapiga tena.
Niwekeeni kiti nyuma, karibu na mlango.
Sitasema.
Nitakuja na kofia yangu, nitashona,
nisikilize ninavyosemwa.