Bei ya Paji la Uso

Daktari wa Isamilo alinipa kioo,
akasema, "Kunja uso, mama, kama umekasirika."
Nikamfikiria Bahebe, aliyeondoka na magunia yangu arobaini
akaniachia namba ya simu isiyopatikana.
"Basi, basi," daktari akasema, "inatosha."

Akatia nukta kwa kalamu nyeupe:
juu ya nyusi, katikati ya nyusi,
na pembeni, pale ninapofinya macho
nikigeuza dagaa mchangani Mwaloni,
jua likilipiga ziwa, ziwa likinipiga mimi,
miaka thelathini na mmoja.
"Na mashavu? Tunaweza kuyainua kwa uzi."
Nikamwambia yaache.
Uzi naujua, ni wa kushonea magunia.

Sindano nyembamba kuliko mwiba wa sato.
Iliuma kama siafu mwenye haraka.
Sikulazwa, sikufungwa bendeji;
niliambiwa tu nisiiname, nisijisugue,
nikarudi mzigoni nimebeba kichwa
kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Siku ya tano nikataka kumkunjia uso Limi
aliyenizidishia sukari kwenye chai.
Hasira ikapanda toka tumboni, ikafika kwenye nyusi,
ikakuta mlango umefungwa.
Limi akatabasamu, akaongeza kijiko.

Hapo nikaingiwa na hofu.
Maana kwa paji hili nimesomesha watoto wanne.
Sijawahi kumwambia mnunuzi "hapana" kwa mdomo:
mkunjo mmoja, anaongeza elfu mbili;
mkunjo wa pili, anaanza hesabu upya.

Jumanne akaja Mushagalusa wa Bukavu, akataja bei.
Nikakunja nilichodhani nakikunja.
Akanitazama: ukuta uliopakwa chokaa.
Akataja nyingine. Ukuta.
Jasho likamtoka yeye, mwenye pesa.
"Mama Milembe, leo sikusomi,"
akajipandishia mwenyewe, mara tatu,
hadi mahali ambapo mimi hata ndotoni nisingefika.

Msinihubirie, basi.
Uzee sikuukimbia,
magoti yangu huupokea kila alfajiri.

Ila kwenye msiba wa Kwandu,
Kwandu tuliyeanza naye kwa beseni moja la mkopo,
machozi yalishuka juu ya uso uliotulia
kama yamekosea nyumba.
Nikawasikia wanawake nyuma yangu, jikoni:
huyu naye, hata uchungu hana.

Sasa ni mwezi wa nne. Dawa inaisha, kama nilivyoambiwa.
Pesa ya sindano ya pili iko kwenye kopo la maziwa,
nimeihesabu mara mbili, nikaifunika.
Mushagalusa anakuja Ijumaa.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo.
Nikamfikiria Bahebe: hakuna kitu.
Nikamfikiria Kwandu,
na kioo, polepole, upande mmoja tu,
kikakunja.