Ispana Namba Nne

Chumba cha nyuma, Bombo, kilichokuwa stoo ya magodoro.
Mezani miguu kumi na saba imelala kifudifudi,
yote rangi moja, rangi ya andazi lisiloiva.

Kazi yangu mimi ni maneno.
Na kukoroga plasta, Ansgari akiniashiria:
nzito kidogo, kama uji wa mgonjwa.
Kachukua likizo yake, kajilipia ndege,
jua la Tanga limembambua pua,
Kiswahili chake chote ni "pole" na "simama".

Bi Mwanamize wa Makorora akaingia na magongo yake.
Kaimati zake tumezila sote, shira mpaka viwikoni;
sukari hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumdai mguu.
Wanawe waliuvisha kipande cha sanda, wakauzika.
"Umetangulia kunishikia nafasi," husema,
na wauguzi hawajui wacheke au wanyamaze.

Ansgari akapiga goti, mtu mzima na mvi zake,
akalishika gutu kwa viganja viwili
kama ashikaye bakuli lililojaa.
Bibi akamtazama utosini, muda mrefu.
Kisha akanigeukia mimi:
"Muulize. Nikitawadha, nauosha na huu?"

Nikafungua mdomo. Maneno hayakuja.
Nikamwambia: anauliza, unaingia maji?
Akafurahi, mkono wa watu, kupata swali analolijua:
maji sawa, ila yasiwe ya moto,
na akaushe vizuri penye skrubu.
"Anasema ndiyo, Bibi. Kwa maji ya baridi."
"Basi," akasema, "huyu ana dini."

Mpaka leo sijatubu.

Wiki mbili, wakafunga masanduku.
Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo,
tunausema kwa kujisifu, kwamba Tanga huwateka wageni.
Siku ile niliurudia langoni peke yangu
na haukunichekesha.
Mkononi ameniachia ispana ndogo ya pembe sita, namba nne,
na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja.

Vuli ilipoanza, hodi.
Mguu unalia kak, kak, kama mlango wa choo.
"Jana nimemwamsha mtoto wa jirani mara mbili."
Nikaikunjua karatasi. Nikapiga goti
palepale alipopiga yeye.
Robo mzunguko. Sikio karibu na goti. Robo tena.

Ndipo nikaona: ameupaka hina,
maua yamepanda kutoka vidoleni hadi kifundoni,
yamekolea kwenye plastiki kuliko kwenye ngozi.
"Bibi, si ungepaka ule wa nyama tu?"
"Uko nao pia, hujauona. Miguu ni wake wenza,
ukimpamba mmoja, mwingine atakuangusha njiani."

Akanyanyuka, akakanyaga, akasikiliza.
Kimya.
"Kaza tena kidogo, mwanangu.
Arusi yenyewe ni saa kumi, na mimi sikualikwa kukaa."