Marejesho

Stesheni ya Dodoma, alfajiri,
nimeikunja tiketi mara mbili
nikaitia kwenye bahasha ya kaki
kama nilivyofanya miaka kumi na mmoja
kila ofisi iliponituma Morogoro.

Treni imeshapita Ihumwa ndipo nikacheka:
bahasha hii nampelekea nani?
Mhasibu Ndahani hanidai tena risiti,
wala mimi simdai posho ya kulala.

Miguuni pangu, madumu matatu ya alizeti ya Kibaigwa.
Moja linavuja. Nimelifunga mdomo kwa tai,
ile ya bluu, ya vikao.

Jirani wa kiti: "Unafanya kazi wapi?"
Ulimi ukakimbilia Mtumba, masjala, ghorofa ya pili.
Nikaurudisha. "Nauza mafuta."
Akanusa. "Ndiyo maana."

Gulwe. Kidete. Mtandao umekatika,
na keshokutwa ni mwisho wa mwezi,
simu haitalia ule mlio wa mshahara.

Naifungua bahasha.
Kwenye daftari la hesabu aliloliacha Nyemo
naandika: nauli, safari ya kwanza.
Mwombaji, mimi.
Imeidhinishwa, naandika,
na saini yangu inayumba handakini.