Maji ya Rejeta, Naryn

Gari limelala tangu jana, injini imepoa.
Usilifungue likiwa moto, aliniambia Kubat
kwa simu, kutoka Yekaterinburg, kati ya lori na lori:
mvuke wa rejeta hauna adabu, utakuchuna uso.
Kisha mtandao ukakatika
na somo likaishia hapo.

Ni Audi ya mwaka themanini na tisa,
imeitangulia ndoa yetu kwa miaka ishirini na miwili.
Rangi yake ilikuwa nyekundu; sasa ni ya kuambiwa.
Dooronbek fundi alitaja bei, nikacheka mbele yake:
kwa pesa hizo nanunua kondoo,
na mafuta ya mkia nabaki nayo.

Mimi mshonaji. Najua uzi, najua pindo,
najua nguo inavyolia palipokazwa mno.
Nikalala chali juu ya boksi la televisheni,
Erkayim akamulika kurunzi, mara kwenye mpira,
mara kwenye jicho langu, mara mbinguni.
"Huku, mwanangu. Huku chini."

Klipu na kutu walikuwa mdai na mdaiwa, hawaachani.
Nikaisokota kwa koleo. Ikagoma. Nikaitukana
neno ambalo Erkayim alilihifadhi, nilimwona usoni.
Ikaachia ghafla
na yote yakanishukia, kiganjani, kiwikoni, kwapani.
Tosoli ya dukani ni ya buluu.
Hii ilitoka hudhurungi, chai iliyosahauliwa jikoni,
yenye chengachenga za chuma,
baridi nne za miaka minne ambazo kila mmoja wetu
alidhani mwenzake amezishughulikia.

Karai likajaa. Aktosh akaja.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wangu ulikuwa mtamu.
Ndivyo sumu hii ilivyo: mbwa huifuata kwa mkia wa furaha
na kesho kutwa figo zimezima.
Nilipiga ukelele uliofungua dirisha la jirani.
Erkayim akatupa kurunzi, akamvamia shingoni,
wakabiringika wote wawili hadi ukutani.
Hakulamba. Nilimpanua kinywa, nikamnusa ulimi.
Hakulamba.
Nikayamimina yale maji dumuni, nikakaza kifuniko,
nikaandika SUMU kwa chaki ya kukatia nguo,
nikakaa chini. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo.
Suuza, mwaga, suuza, mpaka yatoke safi.
Rudisha mpira, kaza klipu, si mno.
Nusu tosoli, nusu maji ya betri,
maana huku Januari hushuka nyuzi thelathini chini ya sufuri
na maji matupu hupasua chuma.

Nikawasha. Nikafungua hita hadi mwisho.
Hewa baridi.
Nikangoja. Baridi.
Mshale wa joto ukapanda, hita ikapuliza Januari,
moyo ukaniambia: umeua gari la watu.
Nikazima.

Ndipo nikamkumbuka Erkayim wa wiki tatu,
tumbo limejaa hewa, analia mpaka anakuwa wa zambarau,
na hakuna dawa ila kumwinua na kumpapasa.
Nikasubiri ipoe, saa nzima, mikono kwapani.
Nikaipandisha pua ya gari kwa jeki, nikafungua kifuniko,
nikaubinya mpira wa juu, nikauachia, nikaubinya.
Likacheua.
Likacheua tena, povu, blubu, blubu,
kisha likanywa lita nyingine bila kupumua.

Mara ya pili hita ilianza na harufu ya vumbi,
ikafuata harufu ya koti lake, sijui lilijificha wapi humo ndani,
halafu vuguvugu kwenye ncha za vidole,
halafu moto.

Usiku akapiga. "Nani kakusaidia?"
"Erkayim alishika taa," nikasema.
"Na mbwa yu mzima."
Kimya kidogo.
"Mtandao mbaya," akasema. "Umesema nini kuhusu mbwa?"