Gumba

Kofu, Novemba. Baridi imekwisha kuteremka milimani
na maabara ya ghorofa ya tatu inanuka risasi ya kulehemu
na chai iliyosahauliwa.
Hatsue Amemiya hajavua koti.
Mbele yake sahani inazunguka, rangi ya zumaridi iliyochujuka,
na chini yake leza inangoja kuandika.

Usidhani ni kalamu.
Kalamu ikikosea, jicho huona papo hapo.
Hii huandika kwa kuunguza:
moto ukipungua, alama haishiki,
moto ukizidi, alama hufura ikameza jirani yake,
na msomaji wa kesho atasikia mkwaruzo tu.
Kilichoungua hakirudi kuwa kibichi.

Ndiyo maana huonja kwanza.
Ukingoni mwa ndani, pasipowekwa neno la mtu,
leza huonja rangi kama mpishi aonjavyo mchuzi kiganjani:
milivati tisa, kumi, kumi na moja,
kisha hurudi kuusoma mwandiko wake yenyewe,
na kuchagua.

"Inatosha," Furuya husema. "Ikishachagua, iache iandike."
Miaka minne wanabishana juu ya neno hilo, inatosha.
Kwa sababu leza hupata joto kama mtu apandaye kilima,
na ikipata joto mwanga wake hupwaya;
kwa sababu sahani haiko sawa katikati na pembeni;
kwa sababu watu hushika vitu.
Hatsue anataka jicho lisilofumba:
chembe ya mwanga ipimwe kabla haijatoka,
nyingine ipimwe ikirudi kutoka kwenye rangi inayoungua,
mkono urekebishwe kalamu ingali karatasini.

Usiku huu, badala ya kelele za majaribio,
ametia sauti ya baba yake.
Kinjiro, mkulima wa zabibu, anasoma daftari lake la mvua:
"Juni tarehe nne, milimita kumi na mbili.
Tarehe tano, hakuna.
Tarehe sita, hakuna. Kunguru wamerudi."
Miaka thelathini na moja ya mvua, na hakohoi hata mara moja.

Septemba alikuja hapa, katikati ya mavuno,
na viatu vya shambani.
Akaitwaa sahani tupu mezani, akaigeuza dirishani:
"Sasa maneno yangu yatakaa wapi?"
Gumba lake lilinata utomvu wa zabibu.
Furuya alinyoosha kitambaa. Hatsue akakipokea,
akakitia mfukoni.
Oktoba, mzee hakuamka.

Kioo cha mawimbi kimetulia, mstari wa kijani umelala.
Kumi na moja nukta mbili.
Kumi na moja nukta mbili.
Dakika ya tisa, mwanga unaorudi unaporomoka:
gumba limefika.
Linapita, linaondoka, linapita tena,
na kila lipitapo leza inajikaza, kumi na mbili, kumi na tatu kasorobo,
kisha inalegea, kama mtu aliyevuka tope na mzigo kichwani.
Kinundu juu ya kinundu,
hadi kiooni panajichora umbo,
pana upande mmoja, lenye kovu la mkasi.

"Ni nini hicho?" Furuya, amerudia mwavuli wake.
"Baba."
Anasimama. Haketi, haondoki.

Sahani inapokoma, wanaisikiliza kutoka dakika ya nane.
Sauti inaingia chini ya gumba, inatokea upande wa pili,
haikutetereka:
"Julai tarehe mbili, milimita arobaini. Njia ya chini imekatika."
Hatsue anaandika kwenye kumbukumbu ya kazi:
nguvu ilipanda asilimia kumi na nne. Sababu, utomvu.
Anatoa kile kitambaa, bado kimekunjwa,
anafuta miwani.

Nje imeanza kunyesha.
Furuya anafungua dirisha, anatoa kiganja gizani
na kukiacha huko kwa muda.
"Milimita ngapi, unadhani?"