Wino wa Maganda

Jana usiku kiyoyozi kilinyamaza
na ule ukimya ukatuamsha sote.
Rayya kaja na mto wake kwapani:
"Mama, umeme umekatika?"
La, mwanangu. Joto ndilo limekatika.

Asubuhi Yarub kafungua kamusi,
kidole kikateremka mpaka V:
*vuli, mvua za mwisho wa mwaka.*
Kautazama mlima dirishani,
mkavu kama kaakaa la mfungaji,
kisha kanitazama mimi.
Kitabu cha jiografia kina vuli yake nyingine,
majani mekundu, watoto na makoti.
Ipi ya kweli?
Nikasema: vaeni viatu.

Hapa Birkat al-Mauz falaji hugawika mara tatu,
mifereji mitatu, maji sawa kwa sawa,
na mimi, niliyelilia sehemu darasa la tano,
nimesimama ukingoni na saa ya Nassor mkononi.
Wakaangusha vipande vya jani la mgomba,
kila mfereji kipande chake,
wakakimbia navyo, ndara zikipiga visigino.
Cha Rayya kikanasa.
"Theluthi yangu wameipunja!"
Shafikul, anayesafisha mfereji kwa ufagio wa makuti,
kacheka, kainama, katoa jiwe.
Theluthi ikarudi kuwa theluthi.

Alhamisi Nassor alikuwa hana zamu.
Tukapanda Jabal Akhdar kwa gari la kuazima.
Polisi wa kizuizini kachungulia matairi,
kachungulia watoto:
"Leo si siku ya skuli?"
"Ndiyo hii," kajibu Rayya, mdomo umejaa biskuti.

Huko juu makomamanga yamepasuka yenyewe,
mengine yangali mtini, nyuki ndani.
Tukanunua katoni moja, tukapewa na mawili ya bure
kwa kuwa Rayya aliamkia kila mtu, hata punda.
Yarub kamaliza maji, kafunga chupa tupu,
kaikaza kizibo, kaipakata njia nzima ya kushuka.
Kona baada ya kona masikio yanaziba.
Tulipofika nyumbani chupa imebonyea, imekunjamana.
"Nani kaikanyaga?" kauliza babake.
"Hewa," kasema Yarub.

Neno moja.
Mwaka jana skulini alimaliza muhula mzima
bila hilo moja.
Kwenye ripoti waliandika: *mtulivu*.

Maganda hatukuyatupa.
Tumeyachemsha na misumari yenye kutu,
siku tatu jikoni kunanuka kama karakana.
Wifi yangu Thuwaiba kapiga simu:
"Unawapikia nini wanao leo?"
"Wino."
Kimya. Kisha: "Mungu akusaidie."
Nikasema amina, nikaendelea kukoroga.

Siku ya kwanza rangi ya chai.
Ya pili, kahawa.
Ya tatu Yarub kachovya kalamu ya tete,
jeusi likashika karatasi likakataa kuachia.
Alikuwa amehesabu punje za komamanga moja,
kafika mia nne themanini na saba,
kageuka kuchukua penseli,
nduguye kazila hesabu.
Basi hakulia. Kaandika:

*Komamanga lina chembe, usihesabu ukila.*

"Mizani kumi na sita," kaniambia,
"vidole vyangu kumi, sita vya Rayya,"
kisha kausoma mstari kwa sauti,
akakwama kwenye *ukila*, akarudi, akapita.
Mimi nilikuwa naosha sufuria.
Nimeiosha sufuria ile kwa muda mrefu sana.

Kwenye kamusi, pembeni mwa *vuli*,
kaongeza maneno yake kwa wino huohuo.
Hataki niyasome.

Na kanzu yake ya Ijumaa ina doa,
ukubwa wa sarafu ya baisa hamsini, hapa kifuani.
Nimejaribu sabuni, nimejaribu ndimu na chumvi.
Nimeianika vivyo hivyo.