Mlinzi wa Shimo

Mimi ni mlinzi wa shimo.
Usicheke. Nina kitambulisho chenye picha yangu
na koti la manjano lenye nembo ya halmashauri.
Kila Ijumaa napokea ujira
kwa kuhakikisha kwamba shimo halijaibiwa.

Lilichimbwa Februari, nyuma ya kanisa la Bethania,
liwe bwawa la kuogelea la mji wa Cwmhelyg:
mita ishirini na tano, njia sita,
na kibwawa cha watoto chenye maji ya vuguvugu.
Pauni milioni nne na laki mbili.
Diwani Eluned Prosser alishika koleo jipya,
akachota udongo wa kujaa kijiko cha uji,
akapigwa picha.
Bango lingali pale: TUTAFUNGUA KIANGAZI KIJACHO.
Kijacho ni neno zuri, halichachi.

Machi, korona ikabisha hodi.
Wajenzi walivua helmeti Jumanne, saa nne asubuhi,
wakaacha chai vikombeni.
Niliimwaga mimi, wiki tatu baadaye,
ikiwa imeota manyoya.

Kisha bajeti ikaanza kuliwa.
Si kwa wizi. Heri ungekuwa wizi,
mwizi ana shati la kukamatia.
Ililiwa kwa haki, tonge kwa tonge:
fedha za vigae zikawa barakoa,
za mabomba zikawa maboksi ya viazi na maharage ya kopo
kwa wazee wasiotoka nje.
Maegesho matupu hayakuingiza hata senti,
ukumbi ukafutiwa harusi kumi na tisa,
na Bwana Trefor Anwyl wa hesabu,
akifanyia kazi jikoni kwake, paka begani,
aliivuta shuka huku, miguu ikabaki nje,
akaivuta kule, kichwa kikabaki nje.

Vikao vilihamia kwenye skrini.
Nilivitazama kwa simu, ndani ya kibanda changu.
Siku ya kulipigia kura bwawa
mtandao ulimgandisha Diwani Eluned, mkono juu,
wasijue kama anaunga mkono
au anaomba msaada.
Katibu akaandika: Limeahirishwa.

Neno hilo nimelisikia mara kumi na moja.

Mwezi wa tano walikuja kulichukua katapila.
Nikadhani limeuzwa. Dilwyn, dereva wake, hakushuka,
alinisemesha dirishani, barakoa usoni:
"Tunalipeleka kule juu, makaburini. Upanuzi umeidhinishwa."
Huo ndio mradi pekee wa mwaka ule
uliokamilika kwa wakati, na ndani ya bajeti.

Dilwyn aliuchimba wote. Safu nne.
Novemba akaingia katika safu ya tatu
mwenyewe.
Waliruhusiwa watu kumi. Nilikuwa wa kumi na moja,
nikasimama nje ya ua na koti langu la manjano,
kila apitaye akidhani niko kazini.

Sasa mambo yamefunguka, wanasema.
Ila chuma kimepanda, mbao zimepanda,
mkandarasi wa kwanza kafilisika,
wa pili anataka milioni saba, na hapo bado paa.
Trefor amestaafu na paka wake.
Mjukuu wangu Nerys, aliyenunuliwa vazi lenye samaki
akiwa na miaka minne,
ana minane, na vazi analivaa mwanasesere.

Mvua ya huku haisubiri kikao.
Shimo limejaa. Matete yameota upande wa kina,
na tangu mwaka jana wapo bata.
Naandika katika daftari la zamu, kama nilivyoagizwa:
Saa tisa usiku. Hakuna uharibifu. Bata watatu.

Juzi alikuja mkaguzi wa hesabu, kijana, viatu safi.
Akauliza ulinzi umegharimu kiasi gani miaka yote hii,
akabonyeza kikokotoo, akanitazama.
"Ingetosha vigae," alisema. "Vya kibwawa cha watoto."

Nilimwomba arudi nyuma kidogo.
Ukingo unateleza,
na bima ya eneo ilikwisha Machi.